Mapezi ya Fridaivingi: Ngumu ama Laini? Venye Utachagua Bila Kuchoma Ganji na Pumzi

Umeshaona hizo klipu TikTok. Msee anateremka baharini kama samaki, hana mtungi wa hewa, mapezi marefu ya kaboni yanapepea nyuma yake polepole. Hiyo ndio fridaivingi, kupiga mbizi kwa pumzi moja. Watu wengi wa mtaa wanakutana nayo Desemba. Mtu anashuka Diani ama Watamu, anadunga maski na snokeli, anacheki samaki dakika mbili, na akirudi Nairobi ana swali moja tu: yale mapezi marefu yanauzwa wapi?

Swali la maana huja ukiwa umeshatoa simu ulipe: laini, ya katikati ama ngumu? Hapo ndio wengi huteleza. Kichwa kinakuambia ngumu ni ya mafundi na laini ni ya watoto, so unalipia ngumu. Alafu siku moja uko mita 15 chini, unageuka kurudi juu, mapaja yanawaka moto na pumzi inaisha mbio kuliko venye ulipanga. Pesa ilishaenda, na hiyo ndio hasara ndogo.

Wacha nikuchanue mapema ndio usingoje hadi mwisho. Kwa wasee wengi wanaoanza, pezi sahihi ni lile laini zaidi ambalo bado linakusukuma. Si lile gumu zaidi ambalo unaweza kuvumilia. Sasa tuone mbona iko hivyo, na venye utajua lako ni gani.

Ugumu wa pezi ni nini haswa?

Pezi la fridaivingi lina sehemu mbili. Kuna kiatu, ile sehemu ya mpira unaingiza mguu, na kuna bapa, ile sehemu ndefu inayopiga maji. Mapezi ya wale wa mtungi huwa mafupi. Haya ya pumzi moja ni marefu, mara nyingi kama sentimita 80 hadi mita moja ukipima kiatu na bapa pamoja. Wazo lenyewe si la jana: afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, Louis de Corlieu, alisajili hataza ya mapezi yake 1933. Kenye kimebadilika tangu hapo ni urefu, vifaa, na huo ugumu tunaoongelea.

Ukipiga teke, bapa linajikunja. Likijikunja linahifadhi nguvu yako kama upinde uliovutwa. Mguu ukigeuza njia, bapa linanyooka, linarusha ile nguvu kwa maji, na wewe unasonga. Ugumu ni kiasi cha nguvu unahitaji kulikunja. Hakuna kingine.

So ngumu na laini zote zinaweza kukupeleka. Tofauti ni venye unalipa. Bapa gumu linakupa msukumo mkubwa kwa kila teke, lakini kila teke ni bei. Bapa laini linakupa msukumo mdogo kwa teke rahisi, so unapiga mateke mengi kidogo. Fikiria baiskeli ukipanda kwenda Ngong. Gia nzito inakusongesha mbali kila ukizungusha pedali, mradi miguu iko na nguvu. Isipokuwa nayo, unasimama katikati ya mlima ukihema huku mzee wa gia nyepesi anakupita akipiga stori.

Kitu ingine lazima ujue: hakuna kipimo kimoja cha dunia. Kampuni moja inaandika laini, katikati na ngumu. Nyingine inaweka namba. Katikati ya kampuni hii inaweza kuwa ngumu ya kampuni ile. Ukisoma mtandaoni ati jamaa fulani anatumia ya katikati, hujajua chochote hadi ujue ni ya nani, na jamaa mwenyewe ana kilo ngapi.

Miguu ndio inakunywa oksijeni

Misuli ya mapaja na matako ni kati ya mikubwa zaidi mwilini. Ikifanya kazi ngumu inakula oksijeni haraka, na kwa fridaivingi hauna nyingine ya kuongeza. Ile uliingia nayo ndio hiyo hiyo. Misuli ikikosa oksijeni ya kutosha inaanza kufanya kazi bila hiyo, na hapo ndio unaskia moto kwa mapaja na miguu inakuwa mizito kama mawe.

Sasa angalia safari yenyewe venye inaendaga. Juu ya maji unaelea, juu mapafu yamejaa na suti ya mbizi nayo inaelea. Mita za kwanza lazima upige teke la nguvu kupambana na kuelea. Ukifika mita 10, mkandamizo umekuwa mara mbili ya ule wa juu na hewa kwa mapafu imebaki nusu ya ukubwa wake. Mita 20, theluthi. Suti nayo inabanwa. Karibu mita 10 hadi 15, kulingana na uzito umevaa, hauelei tena wala hauzami. Ukipita hapo unaanza kuzama wenyewe, bila teke. Hiyo sehemu ndio wasee wanaipendanga, juu ni kama kupaa.

Alafu unageuka. Kila kitu kilichokuwa kinakusaidia kushuka sasa kinakuvuta chini, na oksijeni imeshapungua. Mateke ya kwanza ya kurudi ndio mazito zaidi ya safari nzima. Hapa ndio pezi linaonyesha rangi yake halisi. Likiwa gumu kuliko miguu yako, unatumia kile kidogo umebaki nacho kupigana na bapa badala ya kusonga. Likiwa laini kupita kiasi, bapa linakubali tu kukunjika na hausongi venye unataka. Yote mawili yanakuchelewesha chini.

Mwendo ambao wengi wanalenga ni karibu mita moja kwa sekunde, kushuka na kupanda. Hauhitaji kuwa roketi. Unahitaji pezi ambalo litakupa hiyo mita moja kwa sekunde ukiwa umetulia.

Vitu tano za kuangalia kabla hujachagua

*Kilo zako.* Mwili mkubwa una maji mengi ya kusukuma. Kama mahali pa kuanzia, chini ya kilo 65 angalia laini. Kati ya 65 na 85, laini ama katikati. Ukipita 85, katikati, na ngumu ikiwa kweli una miguu ya mazoezi. Hii si sheria. Msee wa kilo 90 anayeshinda kwa kiti ofisini anaweza kufurahia laini kuliko dem wa kilo 60 anayekimbia kilomita 10 kila Jumapili.

*Uzito wa mkanda.* Hapa wengi hulaumu pezi bure. Mtu anavaa vipande vya risasi vingi kiunoni, anashuka kama jiwe, alafu akipanda anasema pezi ni laini sana, halimwinui. Pezi halina makosa. Toa uzito kwanza. Ukiwa juu ya maji na umetoa pumzi ya kawaida, bado unafaa kuelea. Kama unazama hapo, shida ni mkanda, na pezi gumu litaficha tu hiyo shida hadi siku miguu imechoka.

*Teke lako.* Teke la fridaivingi linatoka nyonga, si goti. Mguu unakuwa mrefu, goti linakunja kidogo tu, vidole vimenyooka. Pezi laini linakusaidia kujifunza hivyo kwa sababu halikulazimishi. Pezi gumu kwa mtu ambaye hajajua linamfundisha tabia mbaya: goti linakunja sana na anaanza kuendesha baiskeli chini ya maji. Kutoa hiyo tabia baadaye ni kazi.

*Kenye unaenda kufanya.* Kama ni kucheki matumbawe mita tano Kisite na kurudi juu kila saa, siku nzima, laini ndio rafiki yako, juu utapiga mateke maelfu. Kama ni kushuka kwa kamba mita 20 kwenda chini, laini ama katikati. Kama ni mahali pa mkondo mkali, ama wewe ndio wa kuangalia usalama wa wenzako na huenda ukambeba mtu kumpandisha, hapo ugumu wa ziada una kazi. Jua pia kwamba ushauri mwingi wa mapezi ngumu mtandaoni unatoka kwa wawindaji wa samaki na bunduki za mishale, na hapa Kenya hizo bunduki ni marufuku. Usichukue vipimo vya mtu ambaye hafanyi kenye unafanya.

*Maji yenyewe.* Plastiki na mpira hulegea kwa joto na kukaza kwa baridi. Bahari yetu huwa na joto, juu yake ni kama nyuzi 25 hadi 29 mwaka mzima, so pezi la plastiki hapa litakuwa laini kidogo kuliko venye mzungu wa Ulaya alilisifia. Kaboni haibadiliki sana.

Plastiki, faibaglasi ama kaboni?

Watu huchanganya kifaa na ugumu. Ni vitu viwili tofauti. Kuna kaboni laini na kuna plastiki ngumu kama mlango.

Plastiki ndio bei ya chini na ndio inavumilia mateso. Utaikanyaga, utaigonga kwa mwamba, utairusha kwa buti ya matatu, na kesho bado inaenda. Ubaya wake ni kwamba ni nzito na hairudishi nguvu vizuri. Ukiikunja, inanyooka kwa uvivu, so sehemu ya teke lako inapotea. Kwa mtu anayeanza, hiyo si noma.

Faibaglasi iko katikati. Inarudisha nguvu vizuri, si nzito sana, na haivunjiki haraka kama kaboni. Wasee wengi ambao wametulia kwa hii mchezo wanaishia hapa na hawasongi.

Kaboni ni nyepesi na inanyooka mbio, kila teke linaingia kwa maji. Ukiizoea utaona mbona wanaisifu. Lakini haipendi kugongwa. Ukiteleza kwa mwamba wa Watamu na bapa likaingia kwa ufa, hiyo ni ganji imeenda. Bei nayo, kabla usafirishaji na ushuru: plastiki ya fridaivingi huwa kama dola 60 hadi 120, kaboni ya maana inaanza karibu dola 300 na kuendelea. Hesabu mwenyewe kwa shilingi, alafu ujiulize kama unajua ugumu wako. Kama hujui, hiyo pesa bado iko mbali na kazi yake.

Kiatu kinaweza kuharibu kila kitu

Unaweza kununua bapa sahihi kabisa na bado ulie, juu kiatu hakikuingii. Kiatu kikiwa kikubwa, mguu unacheza ndani, na sehemu ya teke inapotea kabla haijafika kwa bapa. Kikiwa kidogo, vidole vinakufa ganzi na shavu la mguu linashikwa na krampi. Kushikwa na krampi chini ya maji si stori ya kucheka.

Kiatu sahihi kinashika mguu mzima bila kubana. Kisigino kinakaa, hakiinuki ukipiga teke. Wengi huvaa soksi za mbizi za milimita 2 ama 3 ndani ili ngozi isichubuke, so ukienda kujaribu beba soksi ambazo utatumia.

Kuna pembe pia. Bapa halifuati mguu moja kwa moja, linainama kidogo, mara nyingi digrii 20 hadi 30. Kazi ya hiyo pembe ni kufanya bapa likae sambamba na mwili wako ukiwa umenyoosha vidole. Kama kifundo chako hakinyooki vizuri, na watu wengi wa kiti na gari wako hivyo, pezi lenye pembe nzuri litakusaidia kuliko kuongeza ugumu.

Mchanuo wa pesa: tafuta kiatu ambacho bapa lake linafunguka kwa skrubu. Ukigundua baadaye kwamba unataka laini zaidi ama ngumu kidogo, unabadilisha bapa pekee. Kiatu ambacho mguu wako umekizoea kinabaki.

Dalili za kujua pezi lako si lako

Pezi ni gumu kuliko wewe kama:

- Mapaja ama shavu la mguu linawaka ndani ya dakika chache, hata ukienda polepole.
- Magoti yanakunja yenyewe na unaendesha baiskeli.
- Mgongo wa chini unauma jioni.
- Mguu unataka kutoka kwa kiatu hata kama saizi ni sawa.
- Mtu akikurekodi kutoka upande, bapa liko karibu wima bila kujikunja.

Pezi ni laini kuliko wewe kama:

- Unapiga teke na huskii maji yakikurudishia chochote.
- Kwenye mita za kwanza za kushuka, unapiga mateke mbio mbio na bado unaelea.
- Kwenye video, bapa linajikunja hadi ncha inageuka na kubaki hapo badala ya kunyooka.
- Ukiongeza nguvu, mwendo hauongezeki.

Hiyo ya video usiidharau. Simu ndani ya mfuko wa kuzuia maji na rafiki mmoja kwa swimingi puli itakuambia ukweli ambao muuzaji hatakuambia.

Jipime kabla ya kulipa

Jaribio la kwanza hata halihitaji maji. Bana kiatu cha pezi kwa meza, bapa litoke nje likiwa limelala. Pima urefu wa ncha kutoka sakafuni. Tundika chupa ya maji ya lita moja kwa ncha, hiyo ni kilo moja, alafu pima tena. Tofauti kwa sentimita ndio ugumu wake. Fanya hivyo kwa pezi la rafiki na lako, kwa umbali ule ule kutoka kwa kiatu hadi chupa. Sasa maneno laini na ngumu ya kampuni hayakubabaishi, juu una namba zako. Fanya pia kwa kushoto na kulia. Zikitofautiana sana, hiyo pea ina shida.

Jaribio la pili ni la puli. Unahitaji mita 25, na kama uko Nairobi hata ile puli ya mita 50 ya Kasarani itafanya kazi, hesabu nusu tu. Vaa snokeli, lala juu ya maji, mikono mbele, mapezi yabaki ndani ya maji. Lenga kufika mita 25 kwa karibu sekunde 25. Hesabu mateke. Pumzika, rudia mara nne. Badilisha mapezi, fanya tena.

Usiangalie idadi ya mateke pekee. Tuseme ngumu imekupeleka kwa mateke 20 na laini kwa 24. Wengi wataruka na kusema ngumu imeshinda. Ngoja. Ile mara ya nne miguu ilikuwa vipi? Pumzi ilirudi baada ya muda gani? Kama kwa laini ulimaliza ukiwa unaweza kuongea na kwa ngumu ulishika ukuta ukihema, laini imeshinda. Mateke manne ya ziada ni bei rahisi.

Alafu kumbuka puli si bahari. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi kwa kama asilimia 2.5. Mtu wa kilo 75 anaelea kwa karibu kilo 2 zaidi baharini, na hapo hajavaa suti. So pezi lililokuwa limekaa fiti kwa puli litaskika tofauti mita za kwanza Diani. Usikimbilie kununua gumu. Panga uzito wako wa bahari kwanza, piga mbizi kadhaa, ndio uamue.

Njia ya bei ya chini kabisa ya kujua haya yote ni kukodisha ama kuazima. Ukifanya kozi ya kwanza ya fridaivingi, za AIDA, SSI ama PADI, uliza kama unaweza kujaribu pea mbili tofauti. Kozi hizo mara nyingi zinakupeleka hadi kati ya mita 10 na 20, na hiyo inatosha kabisa kuskia tofauti.

Ukinunua ya mtu wa pili

Mapezi yaliyotumika yanaweza kuwa bei poa. Cheki haya: mikwaruzo ya juu si noma, lakini nyufa kando ya bapa, alama nyeupe mahali limekunjwa sana, ama matabaka yanayoachana, achana nayo. Kunja yote mawili kwa mkono, yaskike sawa. Bonyeza mpira wa kiatu. Ukiwa mgumu na una mistari kama udongo mkavu, utapasuka.

Ukishapata yako, yaoshe kwa maji baridi baada ya bahari, yalaze ama uyatundike, usiyaegemeze kwa ukuta yakiwa yamejikunja. Na usiyaache ndani ya ndai iliyofungwa kwa jua la Mombasa. Plastiki itajipinda na haitarudi.

Pezi si boya

Hapa punguza masihara kidogo. Pezi zuri linakupa mita za ziada, na mita za ziada ndizo zinaua watu. Unaskia rahisi, unashuka zaidi, alafu safari ya kurudi inakuwa ndefu kuliko pumzi.

Kuzimia kwa fridaivingi mara nyingi hutokea karibu na juu, si chini. Kutoka mita 10 hadi juu, mkandamizo unapungua kwa nusu, na oksijeni iliyobaki kwa mapafu haiingii tena kwa damu venye ilikuwa inaingia chini. Mtu anaweza kuonekana sawa mita tano, akazima mita mbili. Wengine wanazima wakishatoa kichwa nje. Hakuna maumivu ya kukuonya.

So hizi hazina mjadala. Usipige mbizi peke yako, hata puli ya mita mbili. Mmoja anashuka, mwingine anaangalia, na anaendelea kuangalia sekunde 30 baada ya mwenzake kutoka. Usihemehe haraka haraka kabla ya kushuka ukidhani unaongeza oksijeni. Unachofanya ni kutoa hewa chafu ambayo ndio king'ora chako cha kutaka kupumua, alafu unazima bila king'ora kulia. Na ukitoka, pumzika angalau mara mbili ya muda uliokaa chini.

Angalia venye hii inarudi kwa ugumu. Pezi ambalo unalipigania linakufikisha kwa hizo mita kumi za mwisho ukiwa na oksijeni kidogo zaidi. Ndio maana hii si stori ya luku.

Kwa kifupi

Kama hujawahi kabisa na hujafanya kozi: usinunue bado. Azima.

Kama unaanza na uko chini ya kilo 85: plastiki ama faibaglasi, laini. Weka ganji ya kaboni kwa kozi.

Kama una kilo zaidi ya 85, ama una miguu ya mazoezi na teke lako limenyooka: anza na katikati, na urekodi video.

Kama unafanya kazi kwa mkondo ama unalinda wenzako: katikati ya juu ama ngumu, lakini miguu yako iwe inafanya mazoezi kila wiki.

Kama umekwama kati ya mbili na hauwezi kujaribu: chukua laini. Likikuwa laini kidogo utaongeza mateke na utarudi juu. Likikuwa gumu sana, huko chini hakuna pahali pa kulibadilisha.